Chokaa kwenye Vyungu vya Barazani

Siku mliponiaga ofisini nikistaafu, mlinipa chungu cha maua. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikapigwa picha nacho, nikala obusuma, ugali wa kwetu, na kuku wenu, nikasikiliza hotuba zote hadi mwisho. Kisha nikakibeba hadi nyumbani Amalemba, nikakiweka mezani na kukitazama. Chungu kizuri cha Ilesi, kimefinyangwa na mtu anayejua kazi yake, na mtu mwingine amekipaka chokaa nje, ndani ya mdomo, na hata juu ya vikokoto vilivyofunika udongo. Mume wangu aliniuliza kama ninalia. Nilimwambia hapana, nimekasirika, na aniletee kisu butu.

Sikuwakasirikia ninyi. Hamkujua, na kumweleza mtu asiyejua ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, wala sijaichoka. Lakini wakati nakwangua chokaa ile niliona kwamba kuna jambo moja sikuwahi kuwaeleza hadi mwisho. Nimewafundisha kupanda, kupogoa na kumwagilia. Sikuwafundisha kwa nini barazani kwetu hakuna chungu cheupe, na kwa nini kila mlipotaka kupaka nilipandisha sauti. Mlisema ni uzee. Nimesikia.

Niliajiriwa kwenye kitalu kilicho nyuma ya ofisi yetu ya serikali mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa msichana aliyeishia kidato cha pili, viatu vya kuazima, na nilidhani kazi ya maua ni kukata maua. Mtu niliyekabidhiwa kwake alikuwa Mzee Lihanda, mrefu, mkimya, amevaa koti lililokuwa la mzungu fulani aliyerudi kwao. Alinitazama viatu, akanipeleka kwenye safu ya vyungu, akachukua mpini wa jembe dogo uliovunjika na kugonga chungu kimoja. Kililia kama kengele. Akagonga cha pili. Kikasema du.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, mzee."

"Ipi iko na kiu?"

Nilionyesha cha pili, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya huzuni.

"Hapana, mukhana," akasema, yaani msichana. "Hiyo imeshiba maji. Yenye iko na kiu ndiyo inapiganga kelele. Kama watu."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na mpaka leo natembea na mpini wa aina hiyo. Chungu cha udongo kikikauka hulia, kikilowa hunyamaza. La pili lilikuwa kidole: kiingize udongoni hadi kiungo cha pili, usidanganywe na vumbi la juu. La tatu, na hili aliliweka juu ya yote, lilikuwa kutokuamini rangi ya jani mpaka ujue ni jani gani. "Manjano si ugonjwa moja," alikuwa akisema. "Manjano iko na ndugu wengi."

Wanaoanza kazi sasa, shikeni hapa, maana simulizi lote linasimama juu ya jambo hili. Majani ya zamani, yale ya chini, yakigeuka manjano yote mazima, mmea una njaa; upe samadi iliyooza vizuri. Mzee Lihanda aliitoa soko la ng'ombe la Lubao, na aliichagua kwa kuinusa kama mtu anayechagua embe. Majani ya juu na ya chini yakilegea pamoja, na udongo ukinuka, mmea umezama, acha maji. Lakini yakiwa ni majani machanga ya juu, na manjano yameshika katikati huku mishipa imebaki kijani kama michoro ya ramani, hapo mmea hauna njaa wala kiu. Chakula kipo, ila kabati limefungwa kwa ufunguo. Na ufunguo huo ni uchachu wa udongo, ambao vitabu vyenu huuita pH. Chini ya saba ni mchachu, juu ya saba umeelekea chokaa. Udongo ukielekea chokaa, chuma kilichomo hujifungia na mizizi haiwezi kukila hata kama kiko tele.

Mimea mingi huvumilia. Haidrenjia haivumilii. Ofisi ilirithi vyungu vya haidrenjia kutoka kwa wazungu, maua yake mafungu ya mviringo kama kichwa cha mtoto, na ilikuwa fahari ya baraza. Kwa kuwa udongo wetu wa Kakamega ni mchachu kwa asili, mvua inauosha kila alasiri, maua yale yalikuwa ya buluu. Haidrenjia huonyesha udongo wake waziwazi: kwenye uchachu ni ya buluu, kwenye chokaa hugeuka waridi. Mzee Lihanda hakuwahi kuyaona ya waridi. Wala mimi.

Sasa nifike kwenye hasira yenyewe.

Ofisi ilipata mkubwa mpya, wa kwanza Mwafrika, na sote tulimwita Bwana Mkubwa. Tulimpenda. Nataka mjue hilo. Siku aliyoingia wanawake walipiga vigelegele hadi barabarani. Muda si muda ikaja habari kwamba mgeni wa heshima anatoka Nairobi kututembelea, na Bwana Mkubwa akaamuru kila kitu kipakwe chokaa. Mawe ya njiani, mashina ya miti, nguzo, ngazi. Hayo ni ya kawaida, mnayajua, bado mnayafanya. Kisha akafika barazani.

"Na hivi?" akauliza, akielekeza fimbo kwenye vyungu.

"Hivyo ni vyungu vya maua, bwana," Mzee Lihanda akasema.

"Naona ni vyungu. Kwa nini ni vyekundu?"

"Ni udongo, bwana. Udongo ikichomwa inakuwanga nyekundu."

Makarani wakacheka. Bwana Mkubwa hakucheka. Akasema vipakwe, na vikokoto vya juu vipakwe pia, mgeni asione uchafu. Mzee Lihanda akauliza kwa upole kama vinaweza kupakwa nje tu. Hakuwa na sababu ya kisayansi, hakujua mambo ya pH. Alisema tu kwamba haidrenjia haipendi kusumbuliwa. Bwana Mkubwa akamjibu, "Hapa hakuna mti wa kuogopwa tena, mzee. Wenyewe walishaenda."

Tukapaka. Ziara ikaahirishwa. Mvua ya alasiri ikaja kama kawaida, ikapiga ukingo wa baraza, ikaosha chokaa yote kutoka vikokotoni hadi kwenye mizizi. Tukaamriwa kupaka tena. Ziara ikaahirishwa tena, mvua ikaosha tena, tukapaka tena. Chokaa iliyobaki ndooni Bwana Mkubwa alikataza isimwagwe nje, kwa vile ni mali ya serikali. Akasema imwagwe vyunguni iue wadudu. Yaani tuliinywesha mimea ile chokaa juma baada ya juma kwa amri, tukisimamiwa na karani mwenye tai.

Majani machanga yakaanza kupauka. Mzee Lihanda alifanya yote aliyoyajua. Aligonga vyungu, akapima kwa kidole, akaleta samadi bora ya Lubao, akasogeza mimea kivulini. Alikuwa akiongeza chakula kwenye kabati lililofungwa. Alikonda. Mkewe, Mama Muhonja, aliniambia sokoni kwamba mzee hali vizuri, na usiku anaota ndoto za majani.

Kisha maua yakafunguka. Yalikuwa ya waridi, waridi mchafu kama ufizi. Mzee Lihanda alisimama mbele yake muda mrefu.

"Nani amebadilisha maua yangu?" akaniuliza. Alidhani mtu ameiba mimea usiku na kuweka mingine.

Mgeni akaja. Hakutazama mawe, hakutazama miti wala nguzo. Kitu kimoja tu alikitazama, akipanda ngazi: majani ya manjano yaliyoning'inia juu ya vyungu vyeupe. Akacheka na kusema, "Bwana, hata maua yenu yameshikwa na homa ya manjano?" Msafara mzima ukacheka, maana mkubwa akicheka wote hucheka. Bwana Mkubwa akacheka kuliko wote. Niliiona shingo yake, mishipa imesimama.

Kesho yake alituita sote uani. Alisema kuna mtu aliyezoea kuwahudumia wakoloni na moyo wake haujahama. Alisema mtu huyo ametia sumu maua ya serikali ili mgeni aone kwamba Waafrika hawawezi kutunza walichoachiwa. Hakutaja jina. Hakuhitaji, macho yote yaligeukia lile koti.

Mzee Lihanda alisema neno moja tu. "Mimi?"

Sikukubali. Nilikuwa na umri mdogo na sikujua bado mambo ya kuogopa. Shuleni nilikuwa nimeona karatasi za litmasi, basi nilikwenda kwa mwalimu wangu wa sayansi, akanieleza chokaa inavyogeuza udongo na rangi ya haidrenjia, nikamwomba vipande vichache. Nilichukua udongo wa chungu cha barazani na udongo wa nyuma ya kitalu, nikaukoroga kila mmoja na maji ya mvua kwenye gilasi yake, nikaingia ofisini kwa Bwana Mkubwa bila kuitwa. Nikatumbukiza karatasi mbele yake. Katika udongo wa kitalu, ya buluu ikawa nyekundu: mchachu. Katika udongo wa barazani, nyekundu ikawa buluu: chokaa. Nikamwonyesha na ua la waridi, nikamweleza kwa nini.

Alikuwa mtu mwenye akili. Aliishika karatasi, akaisogeza dirishani kwenye mwanga.

"Kwa hivyo ni chokaa."

"Ni chokaa, bwana."

"Ambayo niliiagiza mimi."

Nikamsogezea gilasi ya udongo wa barazani.

"Wewe msichana ni mwerevu," akasema, bila ukali hata kidogo. "Lakini jina la Lihanda nimeshalipeleka Nairobi. Wameniuliza ni nani, nimewaambia. Sasa unataka nipeleke jina la nani badala yake?"

Akaiweka karatasi mezani, akaendelea na kazi yake.

Nimekutana na watu wakali, wavivu na walevi katika kazi hii, na wote nimewasamehe. Mtu asiyejua unamweleza, akaelewa, mkaendelea. Yule nilimweleza, akaelewa, na akaendelea. Hapo ndipo penye hasira yangu, na imekaa hapo tangu siku ile.

Mzee Lihanda alifukuzwa kazi, akatolewa kwenye nyumba ya kazi Amalemba, yeye na Mama Muhonja na watoto wao, akaenda Chekalini, ambako kaka yake alikuwa amepata sehemu katika shamba lililoachwa na Mzungu. Haidrenjia zikatupwa jalalani. Nilichukua moja.

Niliiponya, na naandika jinsi nilivyofanya, kwa sababu mtahitaji kujua. Niliitoa chunguni, nikapukuta udongo wote, nikaosha mizizi kwa maji ya mvua polepole kama unavyoosha mtoto. Nikatafuta chungu ambacho hakijawahi kuguswa na chokaa. Nikajaza mboji ya majani yaliyooza chini ya miti ya msituni, nikachanganya na udongo wetu mwekundu na mchanga kidogo. Maji ya mvua tu. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa niliyatandaza juu mara mojamoja. Wengine watawaambia mmimine siki au ndimu. Msifanye hivyo, mtaunguza mizizi. Wengine watawaambia mfukie misumari yenye kutu. Acheni, chuma hakikupungua, kilifungiwa. Na msihesabu majani yaliyokwisha kuwa manjano. Hayo mengi hayarudi. Tazameni jani jipya. Jani jipya likitoka kijani, mmeshinda, hata kama mmea mzima bado unatisha.

Msimu wa mvua ndefu uliofuata, haidrenjia ile ilichanua buluu. Niliipakia kwenye lori lililokuwa likifuata mahindi, nikaishika magotini hadi Chekalini, nikijiona malaika.

Mzee Lihanda alikuwa akipalilia. Lile koti hakuwa nalo. Aliligusa ua, akageuza jani, akagonga chungu kwa kidole na kusikiliza. Akatabasamu. Kisha akaniuliza, "Walisema?"

"Walisema nini, mzee?"

"Kwamba si mimi."

Nilikuwa nimeleta ua. Alichokuwa akingoja ni sentensi.

Nikamweleza yote, chokaa, litmasi, kabati na ufunguo. Alielewa upesi. Akasema, "Wewe nakuamini, mukhana. Lakini wewe si ofisi." Akaniambia kwamba habari ilimfuata hadi kule. Majirani wapya, waliotoka kila upande, walimwita Mzee Homa ya Manjano. "Nikipanda mahindi wananiulizanga kama itakuwa nyeupe ama ya njano." Alicheka aliposema hivyo. Mama Muhonja hakucheka. Alisema kanisani wanamzuia hata kupanga maua ya madhabahuni, eti mkono wa nyumba hiyo unaua.

Nilirudi kazini na ahadi mbili. Ya kwanza niliitimiza: tangu siku hiyo sijamwambia mtu yeyote kwamba ameua mmea kabla sijauliza nini kilimwagwa. Mnakumbuka nilivyokuwa nikiwachosha na swali hilo. Lilisaidia. Palikuwa na mama mmoja Amalemba ambaye vyungu vyake vyote vilikuwa manjano, na mama mkwe wake akisema mbele ya wageni kwamba mwanawe ameoa mkono mbaya. Nilifika, nikaona mishipa ya kijani, nikauliza nini kinamwagwa. Akaniambia hamwagi kitu, ila masalio ya musherekha tu, yale maji ya majivu tunayolainishia mrenda.

"Nani anamwaga?"

"Mama mkwe. Anasema majivu ni dawa."

"Mama," nikamwambia yule mama mkwe, "majivu ni dawa ya mboga yako sufuriani. Chunguni ni binamu wa chokaa."

"Kumbe ni mimi?" akasema.

"Ni majivu. Lakini si huyu mkamwana wako."

Alijikuna kichwa, akamwita mkamwanawe, na mbele ya wageni walewale akasema, "Si wewe." Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Bibi mmoja mkaidi aliweza, na ofisi nzima ilishindwa.

Ahadi ya pili ilikuwa kuipata sentensi ile. Nilimwuliza kila mkubwa aliyekuja. Mmoja alisema jambo hilo lilikuwa kabla yake. Aliyefuata alisema hivyohivyo. Wote walisema kweli, na ukweli wao haukumsaidia mtu.

Miaka mingi baadaye mke wa Bwana Mkubwa, wakati huo mume wake amestaafu na amejenga mjini, alinitumia ujumbe nikamtazamie maua. Vyungu vyake vilikuwa vyeupe. Bwana alipenda viwe safi. Nilimweleza mama yule kila kitu kwa subira, nikakwangua chungu kimoja mbele yake ajifunze, maana mmea hauna kosa. Bwana Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, redio pajani.

"Bwana, unanikumbuka?"

"Msichana wa karatasi," akasema.

"Mzee Lihanda yuko Chekalini. Bado anauliza."

"Mambo ya zamani hayo, mama. Msalimie."

"Hakuomba salamu. Sema tu, hata hapa, mbele ya mkeo."

"Lihanda ni nani?" mkewe akauliza.

"Mtu fulani tu wa zamani," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Mzee Lihanda alikufa bila kuipata. Haidrenjia yake ipo, nimeiona, imegawanywa matawi na kupandwa kuzunguka kaburi lake, ya buluu kabisa. Waliomwita Homa ya Manjano walikuja kuomba vipandikizi.

Sasa mimi nimetoka. Chungu chenu nimekikwangua hadi chekundu, nimebadilisha udongo, na jani jipya limechungulia kijani. Ahsanteni kwa hicho. Lakini alichosema Mzee Lihanda ni kweli: mimi sikuwa ofisi, nilikuwa kitalu tu. Ninyi mmepanda vyeo. Baadhi yenu mna funguo za mlango wa mbele na mhuri mezani. Msiniambie ilikuwa kabla yenu.

Mama Muhonja yu hai, na watoto wake wako kwenye shamba lilelile. Tafuteni siku, mwende Chekalini mkiwa mmevaa vizuri, mwite majirani, msimame uani kwake. Msipeleke maua, maua anayo. Mwambieni kwamba aliyeua maua hakuwa mumewe.